Tabo Nyuma, Injini Mbele: Manifoldi ya Chuma au Heda?

Jumapili moja nilikaa gereji tangu saa nne asubuhi hadi jua linazama. Sikwenda kutengeneza gari, maana gari sina. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu akaniambia, "Kaka, njoo unisaidie kubishana na fundi."

Kisa chenyewe ni hiki. Dogo ana Mark II ya zamani yenye silinda sita. Ameihudumia kuliko anavyojihudumia mwenyewe. Miaka mitatu alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo ili aifunge tabo. Chini ya boneti nafasi ni finyu, kwa hiyo akaamua kufanya kama alivyoona vijana wa Marekani wanafanya: tabo inakaa nyuma kabisa, chini ya buti, mahali penye sailensa. Hapo mimi na fundi hatukuwa na neno. Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Dogo alitaka kung'oa manifoldi ya ekzosi iliyokuja na gari, ile ya chuma cha kusubu, na kuweka heda, yaani mabomba sita yanayojitegemea, kila silinda na lake. Fundi, mzee wa makamo ambaye hapendi maneno mengi, akamwambia, "Pesa yako inatosha jambo moja, si mawili. Ukinunua urembo wa mbele, hutakuwa na pampu ya oili ya nyuma."

Mimi ni mwandishi wa habari. Spana sizijui, ila kazi yangu ni kusoma na kuuliza. Nikamwomba Dogo anipe wiki moja nisome kabla hajatoa hata shilingi. Alikubali, lakini hakusubiri. Hilo nitalieleza mwishoni. Kwanza nikueleze nilichokikuta, kwa sababu nilidhani nafuatilia swali la juzijuzi kumbe lina umri wa zaidi ya miaka 100.

Kwa msomaji asiyejua magari, tuanze na msingi. Injini ikichoma mafuta, sehemu tu ya nishati ndiyo inayosukuma magurudumu. Takriban theluthi moja hutoka kwenye ekzosi ikiwa moshi wa moto. Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi huo unaotoka. Ya pili, kwa kuwa iko kwenye shafti hiyohiyo, inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, unaweza kuchoma mafuta zaidi, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Kwa maneno mengine, tabo inaokota kile ambacho injini imekitupa.

Aliyeliona hilo mapema ni Mswisi Alfred Büchi, mhandisi aliyefanya kazi kwenye kampuni ya Sulzer huko Winterthur. Hati yake ya kumiliki uvumbuzi ina tarehe ya Novemba 1905. Kutoka kwenye hati hadi kwenye chuma kinachofanya kazi ilimchukua miaka ishirini hivi. Mwaka 1925 alifanikiwa kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka uliofuata zikashushwa majini meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ambazo injini zake za silinda kumi zilipandishwa kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500 kwa tabo.

Hapa ndipo swali la Dogo linapoingia. Moshi unafika kwenye feni ukiwa na nguvu za aina mbili. Aina ya kwanza ni mapigo. Valvu ya ekzosi inapofunguka, moshi unatoka kwa kishindo, tena na tena, silinda moja baada ya nyingine. Aina ya pili ni joto na presha tulivu, ile inayojaa kwenye bomba hata baada ya vishindo kuchanganyika na kufifia. Büchi aliyatumia mapigo. Aligawa mabomba ya ekzosi katika makundi, akayafanya membamba na mafupi, ili silinda moja isiharibu pigo la mwenzake na kishindo kifike kwenye feni kikiwa bado kina nguvu. Wahandisi wengine wa injini kubwa za meli walichukua njia ya pili: bomba moja nene linalopokea moshi wa silinda zote, humo mapigo yanatulia, na feni inasukumwa kwa presha iliyo sawa muda wote.

Njia zote mbili zilifanya kazi na zote zina mantiki. Heda ni mtoto wa njia ya kwanza. Urefu wa mabomba yake unapimwa ili mapigo yapangike foleni yasigombane. Manifoldi ya chuma cha kusubu, lile dude fupi, zito, lisilovutia macho, iko karibu zaidi na njia ya pili. Kwa hiyo swali la kweli si ipi nzuri. Swali ni hili: pigo la moshi litakuwa bado hai litakapofika kwenye feni?

Tuliache hilo kwanza, tupande mlima. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Auguste Rateau alikuwa akijaribu tabo kwenye injini za ndege, kwa sababu juu angani hewa ni nyepesi na injini zinakosa pumzi. Marekani kazi hiyo akapewa Sanford Moss wa General Electric. Mwaka 1918 alibeba injini ya Liberty yenye silinda 12 hadi kileleni Pikes Peak, Colorado, mlima wenye urefu wa mita zaidi ya 4,300. Chini, injini ile ilitoa nguvu za farasi zipatazo 350. Kule juu bila tabo ilishuka hadi kama 230. Ilipofungwa tabo ikatoa 356. Aliyewahi kupanda hata nusu ya Kilimanjaro akahisi kifua kinabana ataelewa maana ya namba hizo.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, tabo ikahamia nyuma. Hapa nilicheka peke yangu ofisini, maana Dogo alidhani wazo la kuweka tabo nyuma ni la vijana wa YouTube. Mei 1941 iliruka kwa mara ya kwanza ndege ya kivita ya Marekani iliyokuja kujulikana kama P-47 Thunderbolt. Mbunifu wake mkuu alikuwa Alexander Kartveli, mzaliwa wa Tbilisi. Injini ya Pratt & Whitney yenye nguvu za farasi 2,000 ilikaa puani, lakini tabo ilikaa nyuma ya rubani. Moshi ulisafiri kwa mabomba kupitia tumboni mwa ndege hadi nyuma, ukazungusha feni, na hewa iliyoshindiliwa ikapozwa na kurudishwa mbele hadi kwenye injini.

Kartveli hakuchora ndege kwanza kisha akatafuta pa kupenyeza mabomba. Alianza na njia ya moshi na hewa, ndipo akaizungushia umbo la ndege. Ndiyo sababu P-47 ilikuwa na tumbo kubwa lile. Ikiwa na mzigo wake ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 6, mzigo wa kutisha kwa ndege yenye injini moja na rubani mmoja. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000. Umbali kati ya injini na tabo haukuizuia kufanya kazi. Lakini umbali ule ulilipiwa kwa uzito, kwa ukubwa, na kwa kupanga safari nzima ya moshi tangu mwanzo hadi mwisho.

Vita vilipoisha, tabo ikaja kwenye magari ya kawaida, na mwanzo wake ulikuwa wa tabu. Mwaka 1962 General Motors ilitoa mawili, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Jetfire ilikuwa na injini ya V8 yenye nguvu za farasi 215, na ilihitaji tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli ili injini isijipige yenyewe kwa joto. Wenye magari walisahau kujaza tangi, lawama zikawa nyingi, na baada ya 1963 gari hilo halikuendelea. Corvair ndiyo iliyonivutia zaidi. Injini yake ilikaa nyuma, na haikuwa na kile kilango cha kupunguza presha ambacho tabo za leo zinacho. Wahandisi walitumia ubanaji wa ekzosi yenyewe, pamoja na sailensa, kuzuia presha isipande kupita kiasi. Ukibadilisha sailensa umebadilisha tabo. Nilipofika hapo nikaandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa: EKZOSI YOTE NI SEHEMU YA TABO.

Baada ya hapo historia ilikwenda upande mmoja tu. BMW 2002 Turbo ya 1973, Porsche 911 Turbo iliyofuata, Saab 99 Turbo ya mwishoni mwa miaka ya 1970, Renault iliyoingiza tabo kwenye Formula 1 mwaka 1977 na kupata ushindi wake wa kwanza Dijon mwaka 1979. Wote walihangaika na ugonjwa uleule: unakanyaga mafuta, unasubiri, kisha nguvu inakuja kwa mkupuo. Tiba moja iliyorudiwa mara kwa mara ilikuwa kuisogeza tabo karibu na silinda. Siku hizi kuna injini ambazo manifoldi ya ekzosi imemiminwa pamoja na silinda hedi, kipande kimoja, na tabo inafungwa hapohapo. Kwa viwanda vikubwa, ubishi wa manifoldi na heda uliishia kwa njia fupi kuliko zote.

Sisi wa Afrika Mashariki pia tulikuwemo, kwa upande wa vumbi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara tano kwa Datsun, ya mwisho ikiwa 1982, na hakuna hata moja kati ya gari hizo iliyokuwa na tabo. Wengi waliamini tabo haiwezi kustahimili mawe, mafuriko na joto letu. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica Twincam Turbo. Mwaka 1985 Juha Kankkunen akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, na 1986 Waldegård akarudia. Miaka mitatu mfululizo. Hawakushinda kwa sababu gari lao lilikuwa na nguvu kuliko yote, maana yalikuwepo mengine yenye nguvu zaidi. Walishinda kwa sababu lilifika.

Sasa turudi chini ya buti ya Dogo. Mtindo wa kufunga tabo nyuma ulienea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kupitia vifaa vya kampuni ya Squires Turbo Systems ya Utah, kwa magari kama Corvette na Camaro ambayo mbele hayana nafasi. Mvuto wake ulikuwa nini? Kwamba huhitaji kugusa mbele! Unaiacha manifoldi ya kiwandani, unatoa sailensa, unaweka tabo mahali pake. Na kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa inasafiri bomba refu kurudi mbele, inapoa kidogo njiani. Kwa hiyo anayefunga tabo nyuma halafu akaanza kwa kununua heda ameitupa faida ya kwanza ya mpango wenyewe.

Na yale mapigo? Kutoka silinda za Mark II hadi chini ya buti ni mita kama tatu hivi za bomba. Mapigo ya silinda sita yakishapita bomba moja la urefu huo yamechanganyika na kuchoka. Foleni nzuri iliyopangwa na heda inakuwa imevunjika zamani. Kinachofika nyuma ni presha tulivu na joto. Bila kujua, Dogo alikuwa kwenye njia ya lile bomba nene la meli, huku akitaka kulipia vifaa vya njia ya Büchi.

Kinachobaki kupigania ni joto. Tufanye hesabu moja rahisi. Tuseme moshi unatoka kwenye injini ukiwa na nyuzi 800 na unafika nyuma ukiwa na 500. Gesi ikipoa inasinyaa. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, kwa presha ileile, kila lita 100 zilizotoka mbele zinafika nyuma zikiwa lita 72 tu. Ndiyo maana tabo ya nyuma huchaguliwa yenye nyumba ya feni ya moshi iliyo ndogo kuliko ambayo ungeiweka mbele, vinginevyo feni itachelewa kuamka. Ndiyo maana pia bomba linafungwa kitambaa cha kuzuia joto. Sasa angalia heda: mabomba sita marefu, membamba, yote yanapigwa na upepo wa feni ya rejeta. Ni kama kuanika joto kwenye kamba. Manifoldi ya kusubu ni fupi, imebanana, eneo la kupoteza joto ni dogo. Tena heda ya kuchomelea ina maungio mengi, na kila ungio likipasuka kabla ya tabo, moshi unatoka nje na nguvu inatoka nao.

Nisionekane naichukia heda. Kama manifoldi ya kiwandani ni nyembamba mno kiasi cha kuikaba injini, au kama gari ni la mashindano na linaishi kwenye mizunguko ya juu, heda ya chuma kizuri, yenye kuta nene, iliyochomelewa na anayejua na kufunikwa vizuri, inaweza kulipa hata tabo ikiwa nyuma. Wenye Corvette wengi wanazo. Lakini hiyo inakuja mwisho wa orodha. Mwanzo wa orodha ni tabo ya ukubwa sahihi, bomba lisilovuja, na pampu ya kurudisha oili. Tabo ya nyuma inakaa chini kuliko sampu ya injini, na oili haiwezi kupanda mlima yenyewe. Bila pampu oili inajaa kwenye tabo, inavuja, inaungua. Na kwetu Dar ongeza jambo jingine: siku ya mvua, chuma chenye moto wa mamia ya nyuzi kinaning'inia karibu na dimbwi.

Niliandika yote haya kwenye karatasi mbili nikampelekea Dogo siku ya sita. Nilichelewa. Alikuwa ameshapata mtu mwingine wa kumchomelea heda kwa bei ya kirafiki, na kumbe kwa bomba la kawaida jembamba. Manifoldi yake ya zamani alikuwa ameiuza kwa wanunua vyuma chakavu, kwa kilo. Heda ilidumu wiki mbili hivi. Usiku mmoja kwenye barabara ya Morogoro bomba la silinda ya nne lilipasuka kwenye ungio, moshi wa moto ukapiga moja kwa moja kwenye waya za injini. Taa zilizimika gari likiwa kwenye mwendo, lori likiwa nyuma yake. Aliingia pembeni kwa kukisia tu. Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa ya mtoto, akasema, "Kaka, mama asijue."

Mama mdogo hajui hadi leo, na naandika hapa nikiamini hasomi mambo ya magari.

Tulizunguka Gerezani siku mbili kutafuta manifoldi nyingine ya aina ileile. Tulipoipata, muuzaji alitusoma usoni akataja bei ambayo kwa siku nyingine ningegeuka nikaondoka. Dogo alilipa kimya. Tuliporudi kwa yule fundi mzee tulitegemea maneno, lakini hakusema kitu. Aliipokea, akaigonga kwa spana akiisikiliza kama ina ufa, akaifuta vumbi kwa mkono. Kisha akauliza, "Pampu ya oili je?"

Dogo ameanza kuweka akiba upya. Tabo iko kwenye boksi chini ya kitanda chake. Bomba la kwenda nyuma limeshapimwa na fundi, kwa kamba, tangu kwenye injini hadi chini ya buti, na safari hii wamepima lote kwanza kabla ya kununua chochote. Kartveli angewaelewa.